Kifundo cha Mguu wa Gari: Boljointi na Historia ya Gereji Bubu

Katika miji ya Tanzania kuna gereji zisizo na kibao, uzio wala kitabu cha risiti. Ziko chini ya mwembe, kando ya barabara, au kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kukijenga, na watu wamezipa jina la gereji bubu. Jina lenyewe lina hukumu ndani yake: ni gereji isiyojitangaza, isiyo kwenye daftari la mamlaka, isiyo na la kusema mbele ya wataalamu. Historia ya ufundi wa magari nchini husimuliwa kwa kutaja makampuni, vyuo na sera, kisha gereji bubu hutajwa mwishoni kama tatizo linalongoja kuondolewa. Kwa maoni yangu masimulizi hayo yanaacha nje sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika. Chukua kifaa kimoja tu cha gari, ufuatilie kilivyofika kwetu, kilivyochakaa, kilivyotengenezwa na kubadilishwa kwa zaidi ya miaka 50, na utaona kwamba gereji bubu imebeba maarifa ya aina mbili ambayo tumezoea kuyachanganya. Aina ya kwanza ni ujuzi wa kutambua ugonjwa wa chuma kabla hakijakatika. Ya pili ni ujanja wa kukifufua chuma kilichokwisha. Ujuzi ule ni urithi unaostahili kutunzwa. Ujanja huu ulikuwa dawa ya enzi ya ukata, na enzi hiyo imepita. Kifaa ninachokichagua kama ushahidi ni boljointi ya mbele ya pikapu.

Boljointi ni kifundo cha mguu wa gari, karibu sawasawa na kile cha mwili. Ni tufe dogo la chuma kigumu lenye shingo, limekaa ndani ya kikombe, na mdomo wa kikombe umefunikwa kwa mpira unaozuia vumbi na maji. Kwa kuwa tufe huzunguka na kuinama ndani ya kikombe chake, gurudumu linaweza kupanda na kushuka mashimoni huku likikata kona wakati huohuo. Kabla yake kazi ya kona ilifanywa na kingpini, pini nene iliyosimama karibu wima na kuzunguka ndani ya bushi. Kingpini hugeuka kulia na kushoto tu. Kupanda na kushuka kulihitaji viungo vingine. Mwaka 1952 magari ya Lincoln ya kampuni ya Ford yalitoka kiwandani Marekani yakiwa na boljointi mbele, na mwaka 1954 mpango huo ukaingia kwenye magari ya kawaida ya Ford. Volkswagen Beetle, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962 ikiwa bado na kingpini, ilihamia kwenye boljointi katika toleo la mwaka 1966. Toyota Hilux ilipoanza kutengenezwa mwaka 1968, magurudumu yake ya mbele yalishikwa na wishiboni mbili kila upande, yaani mikono ya chuma, wa juu na wa chini, na kila wishiboni ikaishia kwenye boljointi. Malori makubwa yalibaki na kingpini, na mengi yanayo hadi leo.

Mpangilio huo wa miaka una maana kwa mafundi wetu. Gereji za kwanza za Afrika Mashariki zilizaliwa chini ya ukoloni zikiwa na ngazi za rangi: msimamizi Mzungu, fundi Mhindi, na chini yao Mwafrika aliyeitwa spana boi, mwenye kazi ya kushika, kuosha, kulegeza nati na kuvuta mafuta. Vyuo vya ufundi kama Ifunda vilianza kutoa mafundi katika miaka ya 1950, lakini walio wengi walijifunza kwa kusimama kando na kutazama. Walichokitazama kilikuwa chuma kizito: malori ya Bedford na Land Rover, magari yenye eksel nzima mbele na springi za mabamba. Katika magari hayo kuchakaa huonekana. Bushi ya kingpini ikiisha, unaing'oa, unachonga nyingine kwenye leda, yaani mashine ya kukereza chuma, unaingiza, unapiga grisi, na gari linarudi barabarani. Vijana hawa walipoondoka kwenye gereji za mabwana na kuanza kazi zao wenyewe chini ya miti, waliondoka na imani moja kubwa, kwamba hakuna kilichoisha ambacho hakiwezi kutengenezwa upya. Boljointi ilikuja na imani nyingine. Iliundwa itupwe ikichakaa, na nyingine mpya ifungwe mahali pake.

Wenzetu wa Kenya walipewa jina jingine, jua kali, na jina hilo liliingia kwenye vitabu mapema. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 iliwafanya wachumi wa dunia nzima waanze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi, na mwaka 1977 Kenneth King alichapisha kitabu kizima kuhusu fundi wa Kiafrika. Kwa Tanzania ilituchukua muda mrefu zaidi. Kitabu cha mwanahistoria Joshua Grace, African Motors, kilichotoka mwaka 2021, kimefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba gereji zetu zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa. Ninakubaliana na mwelekeo huo, ila naona kuna hatari ya kuutoa ubaya mmoja na kuuingiza mwingine. Ikiwa zamani fundi wa mtaani alidharauliwa kwa kila alichofanya, leo yawezekana akasifiwa kwa kila alichofanya, na sifa ya namna hiyo haimsaidii yeye wala abiria wake. Ndiyo maana nasisitiza tutenganishe, na hakuna mahali pa kutenganisha penye mwanga zaidi ya miaka ya uhaba.

Uhaba huo ulikuwa na sababu zinazojulikana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, kwa hiyo njia ya kawaida ya spea kutoka Nairobi ikakatika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni na magari pia. Uagizaji ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma yaliyogawiwa fedha hizo kwa kipimo, na spea ya pikapu ya mtu binafsi haikuwa mbele kwenye foleni. Wakati huohuo pikapu ilizidi kuhitajika. Ilibeba mkaa, maziwa, magunia ya mahindi, wagonjwa na maharusi. Dar es Salaam zilikuwapo zilizofungwa mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wakakaa magoti yakigusana, na zikaitwa chai maharage. Gari lililotengenezwa kwa mzigo wa tani moja au pungufu lilibeba zaidi ya hapo, juu ya barabara zilizokosa matengenezo kwa sababu zilezile zilizozuia spea. Kila kilo iliyozidi na kila shimo lilipigwa hesabu kwenye kile kifundo cha mbele.

Hapo ndipo fundi alipoikataa amri ya kiwandani kwamba boljointi ikiisha itupwe, maana hakuwa na ya kuiweka mahali pake. Aliikata mdomo kwa patasi au kwenye leda, akaosha tufe kwa mafuta ya taa, akatafuta kipande cha nailoni au kitu kingine kigumu chenye utelezi, akakichonga kiwe kitanda kipya cha tufe, akajaza grisi, akarudisha kifuniko na kukichomelea. Wengine waliongeza washa chini ili kubana nafasi iliyoachwa na kuchakaa. Boljointi ilirudi ikiwa imekaza, na gari likaendelea kwa miezi kadhaa. Mtu anayeiita kazi hiyo ubahatishaji hajaifikiria vizuri. Ilihitaji fundi ajue kwamba tufe limetengana na kitanda chake, kwamba kilicholika ni kitanda na tufe lingali zima, na kwamba kifaa kilichouzwa kama kitu kimoja kwa kweli ni vitu vitatu au vinne vilivyofungiwa pamoja. Kukifungua kifaa ambacho mtengenezaji alikusudia kisifunguliwe, na kuelewa kila kipande kinafanya nini, ni kusoma uhandisi bila kitabu.

Hata hivyo pingamizi lililo zito zaidi linakuja hapohapo, na lazima lijibiwe bila kuzungukazunguka. Boljointi ya kuchomelea huua. Chuma cha tufe na shingo yake hupewa ugumu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huuharibu ugumu huo, na nailoni iliyo ndani huyeyuka au kulegea kabla kifuniko hakijapoa. Washa iliyoongezwa huficha mchezo wa tufe bila kuondoa uchakavu. Boljointi ya chini ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu hulala kwa ubavu, bodi hushuka upande mmoja na usukani haumsikii tena dereva. Kwa pikapu yenye watu kumi nyuma, hiyo ni ajali isiyo na nafasi ya pili. Nalikubali pingamizi hilo lote. Ninachokikataa ni hitimisho linalofuatishwa nyuma yake, kwamba basi fundi wa gereji bubu hakuwa na maarifa. Tiba inaweza kuwa hatari na mganga akawa ameujua ugonjwa vizuri. Mwaka 1982 mwenye pikapu alikuwa na njia mbili, kulitia gari kwenye mawe au kulirudisha barabarani na kifundo kilichofufuliwa. Kumhukumu kwa kipimo cha mtu ambaye leo anaweza kununua kipya dukani ni kuisoma historia kinyumenyume. Na kumruhusu fundi wa leo achomelee kwa sababu babu yake katika kazi alichomelea ni kosa lilelile kutoka upande wa pili.

Mambo yaligeuka haraka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, katika enzi ya Rais Mwinyi watu waliyoiita ya ruksa, milango ilizidi kufunguka. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kuingia kwa wingi, mengine yakipitia Dubai, na spea zikafuata njia ileile, mpya na za mtumba. Mitaa ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam ikajaa maduka ya spea, kama ilivyo Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi na soko la Kisekka Kampala. Boljointi ikawa kitu cha kuning'inizwa dukani. Kwa mantiki ya kawaida, ufundi wa zamani ungepaswa kufa hapo, kwa kuwa sababu yake ilikuwa imekwisha. Badala yake uhaba wa kifaa ulifuatiwa na uhaba wa uaminifu. Kwenye kaunta moja utakuta boljointi tatu zenye umbo moja na bei tatu, mojawapo ikiwa na alama ya 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani, nyingine ikiwa na alama hiyohiyo iliyobandikwa na watu wasiohusika na Sankei. Fundi aliyekwisha kufungua mamia ya hizo za zamani anajua ndani panatakiwa kuwaje. Huishika shingo na kuigeuza: nzuri hupinga mkono kwa uzito ulio sawa kila upande, mbovu hulegea au hukwama mahali. Hutazama kama mpira wa vumbi umekaa sawasawa na kama nyuzi za nati ni safi. Maarifa aliyoyapata kwa kufufua yamempa jicho la kuchagua.

Kuna pingamizi la pili, la kizazi kipya. Wanasema boljointi za siku hizi hazina hata nipeli ya grisi. Zimefungwa kabisa kiwandani, haziguswi maisha yake yote, kwa hiyo fundi wa kupapasa na kusikiliza amepitwa na wakati. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2005 Toyota iliita pikapu na magari yake mengine makubwa kwa mamia ya maelfu nchini Marekani kwa sababu boljointi za mbele zingeweza kuchakaa mapema kupita kiasi, na mwaka 2007 ikaita tena mengine zaidi ya 500,000, yakiwemo ya Tundra, kwa kasoro ya kifaa hichohicho. Huko kuna lami, kuna viwanda, na hakuna aliyechomelea chochote. Kilichoharibika kiliharibika ndani ya kikombe kilichofungwa, mahali ambapo jicho halifiki. Kufungwa kwa kikombe kumeondoa kazi ya grisi, lakini kumeongeza umuhimu wa kukagua, kwani mpira ukichanika upana wa ukucha tu, vumbi la kiangazi na tope la masika huingia na kusaga tufe kimyakimya. Zamani grisi mpya ingeusukuma uchafu huo nje. Sasa hakuna wa kuusukuma, ni lazima awepo wa kuuona mpasuko.

Ukaguzi wenyewe, jinsi unavyofanywa kwenye gereji bubu nzuri, ndio hoja yangu katika umbo la vitendo. Dereva huja na malalamiko kwamba mbele kunagonga, au kwamba tairi linalika ukingo wa ndani. Fundi hakimbilii spana. Kwanza huangalia springi imekaa juu ya mkono upi. Ikiwa inabebwa na wishiboni ya chini, jeki huwekwa chini ya wishiboni hiyo, karibu na gurudumu, ili uzito uondoke kwenye boljointi. Akiweka jeki kwenye chesesi, springi itaendelea kuibana na kifundo kibovu kitajifanya kizima. Ikiwa springi inabebwa na mkono wa juu, kanuni hugeuka. Kisha mtaimbo hupitishwa chini ya tairi na kunyanyuliwa taratibu, mkono mwingine ukiwa umekumbatia boljointi. Mchezo ambao macho hayauoni, kiganja huusikia kama mgoto mdogo. Kwenye Hilux kuna jambo la ziada la kujua: zile za kuendesha magurudumu manne zilizoanza mwaka 1979 zilikuwa na eksel nzima mbele na springi za mabamba, hivyo wishiboni na boljointi zake hazimo kabisa, ilhali za magurudumu mawili zinazo. Fundi asiyejua tofauti hiyo atatafuta ugonjwa kwenye kiungo ambacho gari halina.

Hata nyundo, ambayo watu huitaja kama alama ya ufundi wa kishenzi, ina maelezo yake. Shingo ya boljointi imechongwa ikipungua unene, na ikibanwa na nati huuma ndani ya tundu lake kiasi kwamba nati ikitolewa bado haitoki. Kuna uma maalumu wa chuma wa kupigilia katikati, lakini mara nyingi uma huo huchana mpira wa vumbi, hasara kubwa ikiwa boljointi ilikuwa nzima na imetolewa tu ili kupisha kazi nyingine. Fundi hulegeza nati bila kuitoa, huegemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la chuma lililoshika shingo, na kupiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Mshtuko hulibana jicho kwa nukta ndogo ya wakati, nalo huachia. Nati iliyobaki huzuia mkono usiruke kwa nguvu ya springi na kuvunja mtu. Kinachostahili kulaumiwa ni kupiga ncha ya shingo yenyewe na kuharibu nyuzi, au kukaa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake bila stendi wala gogo. Mazoea hayo yapo na yanajeruhi vijana wanaojifunza. Kuyaondoa kunawezekana bila kuuondoa ufundi wenyewe. Vivyo hivyo uzi unaovutwa ubavuni mwa matairi kupima kama yanatazama mbele: mashine ya alainimenti hupima kwa usahihi zaidi, na baada ya boljointi mpya gari lipelekwe huko, lakini uzi hulifikisha gari kwenye mashine bila kuyala matairi njiani.

Tunaishi katika wakati wa kuamua nini kiandikwe. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani hupimwa na kupewa cheti kwa kile anachokijua tayari. Ni hatua njema, na mafanikio yake yatategemea kipimo chenyewe. Tukimpima fundi kwa majina ya vifaa tu, tutampa cheti aliyekariri na kumnyima aliyeokoa magari kwa miaka 30. Tukimpa cheti bila kumwambia kwamba kuchomelea boljointi kulikuwa dharura ya wakati wake na leo ni kosa, tutakuwa tumeigonga muhuri hatari. Mtihani wa haki ungemweka mbele ya pikapu kuukuu yenye kifundo kilichochakaa, bila kumwambia ni kipi, na kumwachia jeki na mtaimbo. Atakapokuwa amekipata na kueleza kwa nini aliweka jeki pale alipoiweka, aulizwe swali moja zaidi: kifaa hiki ukifanyeje? Anayestahili cheti ni yule atakayekitoa, akakigeuza mkononi, akaweza kueleza jinsi waliomtangulia walivyokifungua na kukijaza upya enzi ambayo hapakuwa na kingine, kisha akakiweka kando na kuomba kipya.